Waya wa Marua

Kebo ya simu ilipofunuliwa shimoni karibu na Marua, maji ya matope yalichuruzika kutoka ndani yake kama usaha utokao kidondani. Greda la barabara lilikuwa limeikata Jumatatu likichimba mtaro, na tangu hapo Karatina na Nyeri hazikusemezana.

Fundi Nderitu alipiga magoti katika tope la Juni, mwaka ule wa 1974. Jozi mia moja za nyaya, kila waya umevikwa karatasi, kila mmoja ukaushwe kisha usokotwe na mwenzake wa upande wa pili. Ukikosea jozi moja tu, mwenye duka la mbolea atajikuta akiongea na kasisi. Katika miaka kumi na minne Nderitu hakuwahi kukosea, na alipenda watu walijue hilo.

Mkewe Kagure alikuwa amelazwa hospitalini Nyeri kwa wiki ya pili, mimba ikimsumbua. Sista wa wodi aliahidi kupiga simu posta ya Karatina likitokea lolote.

"Mzee, nenda ukamwone," Wamae, mwenzake wa kazi, alimwambia Jumanne. "Nyeri si mbali. Nitaunga mimi."

"Utachanganya jozi," Nderitu akajibu bila kuinua kichwa. "Nikimaliza hapa nitamsikia leo hii hii."

Hakumaliza. Mvua ilinyesha, turubai likavuja, karatasi zikalowa upya. Jumatano vivyo hivyo. Moyo ulimwambia nenda. Mikono, iliyozoea kusifiwa, ikamwambia baki. Akaisikiliza mikono.

Alhamisi saa nne asubuhi aliunga jozi ya kwanza ya posta, akabana simu yake ya majaribio kwenye waya. Kabla hajatamka neno, sauti ikaingia kutoka Nyeri.

"Karatina? Jamani, tumewatafuta tangu Jumanne! Nina ujumbe wa fundi Nderitu."

"Niachie mimi, sista, nitamfikishia," alisema Magdaline, opereta wa posta.

"Mkewe ametutoka jana alfajiri. Yeye na mtoto."

Magdaline akasema kwa sauti ndogo, "Sasa nitamwambiaje huyo mtu?"

"Usihangaike, Magdaline," Nderitu akasema kutoka shimoni. "Nimesikia."

Sista alivuta pumzi. "Pole, baba. Pole sana."

"Aliniulizia?"

"Jumanne aliomba tukupigie. Tukamwambia waya umekatika. Akacheka kidogo, akasema, 'Basi yuko hapo, anautengeneza.' Hakuulizia tena."

Nyeri wakaweka simu chini. Wamae, ambaye alikuwa ameuona uso wa mwenzake, alishuka shimoni bila kuuliza kitu. Akalichukua koleo mkononi mwake taratibu, akaanza kuitafuta jozi iliyofuata. Nderitu hakumzuia. Alibaki amechuchumaa, simu sikioni, matone yakigonga turubai juu ya kichwa chake.

Upande wa Karatina, Magdaline hakuikata laini.