Ncha za Kikapu cha Iteka

Mwaka 1998, katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, seremala Gervasi alipewa kazi ya kutengeneza chumba cha kumbukumbu. Watu walileta vitu walivyokimbia navyo kutoka Burundi: kibuyu cha kusukia maziwa, kigoda, Biblia iliyolowana. Gervasi akavipanga kwenye rafu za juu, akazungushia kamba, akaandika kwa rangi nyekundu USIGUSE. Aliipenda kazi yake, na hakuwa mtu wa kuficha sifa zake.

Asubuhi ya siku moja kabla ya ufunguzi akaja jirani yake Restuta, mama asiyeona, fimbo mkononi.

"Shikamoo, Mama Iteka."

"Marahaba. Nimekuja kumjulia hali binti yangu."

Alimaanisha kikapu alichokileta chumbani humo. Iteka alikisuka akiwa na miaka tisa, kikapu chake cha kwanza. Walipotezana njiani wakati wa kukimbia, na mtoto hakuonekana tena.

"Kamba haivukwi, Mama. Kesho utakuja na wenzako, watakusimulia."

"Wao watatazama kwa macho. Mimi nitatazama na nini?"

Gervasi akaifungua kamba, akakiteremsha kikapu, akamwekea mikononi. Restuta akapapasa mfuniko, akazunguka ukingo kwa vidole, akarudia. Kisha akamrudishia.

"Hiki cha mtu mwingine. Cha Iteka kina ncha za nyasi zimechomoza hapa ukingoni. Nilimwambia azikate, akakataa."

Ncha hizo Gervasi alizikata mwenyewe jana yake, akapiga msasa na vanishi, ili kikapu kiwapendeze wageni. Angeweza kumdanganya kwamba vikapu vimechanganywa. Lakini akasema kweli.

Restuta hakulia wala hakumlaumu. Aliuliza tu, "Ulizitupa wapi?"

"Ziko kwenye maranda, chini ya meza."

Akaegemeza fimbo ukutani, akapiga magoti. Gervasi naye akapiga magoti kando yake, akawa anaokota, anatazama, anatupa. Nyasi na maranda vilikuwa rangi moja. Kabla hajapata hata moja, Restuta alikwisha kupata tatu.

Ufunguzi uliahirishwa siku mbili. Wageni walikuta rafu za kimo cha kiuno, hakuna kamba wala maandishi mekundu. Kikapu kilikuwa mbele, kikiwa na ncha tatu alizozishona Restuta mwenyewe. Zilikaa upande. Mkono ulimwasha Gervasi kuzinyoosha. Akauficha nyuma ya mgongo.