Mtu wa Kumi na Moja

Watu kumi walisimama nyuma ya Ceolmund, mfuga nyuki, na sheria ilitaka watu kumi na mmoja wa kuapa pamoja naye kwamba hakuiba. Wa kumi na moja alikuwa awe shemeji yake, Tilred, lakini homa ilikuwa imemlaza tangu Jumapili. Bila mtu huyo, Ceolmund angepelekwa kanisani akabebe chuma cha moto kwa hatua tisa. Siku ya tatu mkono uliofungwa kitambaa ungefunguliwa, na ukikutwa na usaha, basi yeye ni mwizi.

Mshtaki wake, Hunlaf, alikuwa amepoteza kondoo wawili.

"Aliiacha njia, akaingia msitu wetu kimya kimya," aliliambia baraza. "Hakupaza sauti wala kupuliza pembe, kama sheria itakavyo. Mgeni mwema huingia hivyo?"

"Nilikuwa nafuata nyuki wangu waliohama mzinga, bwana. Nilichelea pembe isije ikawatawanya."

"Nyuki! Na kondoo wangu nao wameruka wakatua mtini?"

Baraza likaangua kicheko. Hata mmoja wa wale kumi alicheka, Ceolmund alimsikia.

Msimamizi wa mfalme akatazama juu. "Mfuga nyuki, jua likifika juu ya ule msalaba wa jiwe, tunawasha moto."

Ceolmund akakitazama kiganja chake cha kulia. Akaomba moyoni: Bwana, sikuombi muujiza. Naomba mtu mmoja tu.

Upande wa Hunlaf, mtu mmoja akajitoa kundini. Alikuwa Beornwulf mkata kuni, yule yule aliyemkamata Ceolmund na kumfunga kamba. Kofia ilimfunika hadi puani.

"Wee Beornwulf! Wapi huko? Upande wetu ni huku!" Hunlaf akaita.

"Naujua upande wetu." Akavua kofia. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba kama tufaha.

"Mkeo kakupiga tena?" mtu akadakia.

"Mke wangu hupiga la kulia," alijibu. "Hawa ni nyuki. Nilimkuta huyu amekinga kofia chini ya tawi, nyuki wamening'inia kama ndevu. Nikamvuta kwa pupa, wakaniuma. Kondoo hang'ati jicho, Hunlaf."

"Mbona hukusema siku zote hizi?" Hunlaf akafoka.

"Niliona aibu. Lakini jicho hili limefumba, na lile lingine linakataa kulala."

Akavuka uwanja, akasimama wa kumi na moja. Ceolmund akaapa kwanza; kisha wale kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, wakaweka mkono juu ya sanduku la mifupa ya mtakatifu, wakaapa kwamba kiapo cha Ceolmund ni safi. Beornwulf hakukosea hata neno.

"Nenda na amani," msimamizi akasema. "Na wewe Hunlaf, katafute kondoo wako kwingine."

Ceolmund akamshika Beornwulf mkono kumshukuru. Akasema, "Njoo kesho, ndugu yangu, nikupake asali jicho hilo."

"Nitapuliza pembe nikikaribia."

"Puliza. Ila pulizia mbali na mzinga."