Msiba Uliotoka Kwenye Ndoo

Nilikuwa kwenye ngazi, gunia la mwani begani, niliposikia kwamba nimekufa.

"Alikuwa mwongo," sauti ya jirani yangu Filomena Avila ilisema huko juu, mlangoni pangu. "Lakini alikuwa mwongo wa kukuchukulia takataka zako hadi chini bila kuombwa."

Nikasimama pale pale. Ngazi za jengo letu zina kona katikati, na mtu akiwa konani haonwi na wa juu wala wa chini, ila yeye anasikia kila kitu. Nje ukungu ulikuwa umeshuka kutoka baharini, kama kawaida ya mji wetu wa Eureka mchana wa Juni. Ndani kulikuwa na harufu. Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao karibu na machinjio, nimewahi kulala kwenye mashua iliyojaa dagaa waliooza, na bado naapa pua yangu haikuwa imekutana na kitu kama kile. Rangi ya ukutani ilikuwa kama inajikunja kuikwepa. Na mimi, peke yangu katika jengo zima, nilijua inatoka wapi. Ilikuwa ndoo yangu.

Nilipostaafu nilianza kupanda bangi ndani ya kabati la nguo, na watu huku kwetu hawashangai hilo. Wengine wakistaafu hununua mbwa. Miche yangu ilikuwa sita, ile ambayo sheria inamruhusu mtu, ndani ya hema dogo jeusi lenye taa na feni. Sikuuza hata jani. Kuvuta kwenyewe nilivuta kidogo, usiku ambao kidole nilichokiacha kiwandani kiliamua kuuma ingawa hakipo. Nilichokipenda ni kile kimya cha kufungua zipu ya hema asubuhi na kuona majani yamekunjuka kuelekea taani kama viganja vya waumini.

Aliyenifundisha ni Wendell Stokke, fundi bomba mstaafu, rafiki yangu toka tukiwa na nywele. Wendell alimcheka mtu anayenunua udongo dukani. Wa kwake aliutengeneza mwenyewe: majani yaliyooza chini ya ile miti mikubwa myekundu, magamba ya kaa yaliyosagwa, mwani uliokoshwa chumvi, samadi ya minyoo aliowafuga kwenye sanduku. Aliuchanganya juu ya turubai, akaulowesha, akauacha kwenye pipa mpaka joto lake lote liutoke, maana udongo wenye haraka huunguza mizizi. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kwenye udongo wa Wendell ukipanda kifungo cha shati utavuna koti, na koti lenyewe lina kalamu mfukoni. Yeye alikuwa akitikisa kichwa tu na kuendelea kuchanganya.

Na hapo juu, mlangoni pangu, alikuwepo. Nilimjua kwa kikohozi chake.

"Ana ndugu?" sauti ngeni iliuliza. Sauti ya kike, changa, yenye adabu ya kazi. Askari.

"Ana dada, sijui wapi huko kaskazini," Filomena akasema. "Simu yake haiiti. Gari lake liko pale uani, halijatikisika. Nikamwambia bwana Stokke, gari lipo, mtu hayupo, na harufu ndiyo hiyo. Mimi nilimzika mume wangu, mwanangu. Najua."

Gari lilikuwa limekufa betri. Mume wa dada yangu ndiye aliyekuja kunichukua, akanirudisha na kunishusha kwenye kona ya mtaa, na simu niliisahau jikoni ikaisha chaji. Yote hayo ningeweza kuyasema kwa kupanda ngazi chache tu. Tena walikuwa wanamsubiri mwenye jengo alete ufunguo, na ufunguo mwingine ulikuwa ndani ya suruali yangu, unanichoma pajani.

Sikupanda. Nataka niseme ni kwa sababu nilishtuka. Mwanzoni ilikuwa hivyo.

"Alinieleza kidole chake kililiwa na pweza," Filomena akaendelea. "Kila Krismasi namwuliza tena, na kila Krismasi pweza anakua. Mwaka jana alikuwa na miwani."

Askari alicheka, kisha akajikaza. "Alikuwa na maadui, mama?"

Akajibu Wendell: "Mimi."

Hapa lazima nirudi nyuma.

Siku za Jumamosi sisi wazee wa kupanda bangi tulikutana kwa kifungua kinywa kwenye mkahawa ulio karibu na gati. Watu walileta vipande vya miche wakabadilishana, mtu akaleta mdudu ndani ya kopo ili wengine wamtambue, na baada ya hapo kazi ilikuwa kuniambia, "Haya Milo, sema." Nami nilisema. Mtu akizoea kusubiriwa hivyo na meza nzima, huwa hana tena kitu asichoweza kukitia mdomoni.

Lorna, mkewe Wendell, alikuwa ameshafariki. Jioni moja Wendell alinionyesha minyoo wake, na bila kuniangalia akasema kwamba kila siku saa ya chakula hukaa pale chini, kwenye kigoda, akiwasimulia minyoo siku yake ilivyokwenda. Ile ilikuwa saa ambayo Lorna alizoea kumwuliza. "Najua ni upuuzi," alisema. Nikamwambia si upuuzi. Jumamosi iliyofuata nikaiambia meza kwamba minyoo wa Wendell wamenitumia ujumbe wanaomba hifadhi kwangu, wamechoka kusikia habari za magoti yake. Nikaigiza sauti ya mnyoo mkubwa, msemaji wao. Mtu mmoja kahawa ilimtoka puani.

Wendell naye alicheka. Kisha akavaa kofia yake, akalipa, akaenda, na kiti chake kikakaa kitupu Jumamosi ile na zile zilizofuata, karibu miaka miwili. Hakununa hadharani, hakunitukana. Alikoma tu kuja. Nami nikajiambia mtu mzima asiyevumilia mzaha ajitibu mwenyewe. Kwa hiyo, mwaka ule nilipotaka kutengeneza mbolea yake ya samaki, ile inayofanya majani yawe meusi kwa afya, sikumpigia simu. Nilikuwa nimemwona akiitengeneza mara nyingi. Vichwa vya samaki, molasi, kitambaa juu, unangoja. Kipimo sikuwahi kukitazama, maana muda wote huo nilikuwa naongea. Nikakisia. Nikaiweka ndoo karibu na hema, penye joto, nikaenda kwa dada yangu.

Basi, "Mimi," Wendell alisema. "Kama unatafuta adui, niandike mimi."

"Usiseme hivyo," Filomena akamwambia.

"Si tulikuwa hatuongei? Nilikuwa namsubiri anipigie simu. Nilishapanga mpaka maneno. Unajua mtu anavyokaa na maneno, anayapaka mafuta, anayapanga."

"Ungemwambia nini?"

Na hapo ndipo aibu yangu halisi inapoanzia, maana mpaka pale mwenye huruma angeweza kunitetea. Gunia lilikuwa zito, ufunguo mfukoni. Nilijua yule mtu anaumia hatua chache kutoka niliposimama, na kwamba neno langu moja lingemwondolea maumivu yale. Nikanyamaza. Nilitaka kusikia. Maisha yangu yote watu walikuwa wananisikiliza mimi, na sikuwahi kujua wanasema nini nikishatoka chumbani. Nikanyoosha shingo kama kuku.

"Ningemwambia mzaha wenyewe ulikuwa mzuri," Wendell akasema. "Ile sauti ya mnyoo. Hata Lorna angecheka, angecheka kuliko wote. Ila nilikuwa nimemwambia Milo peke yake. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Na baada ya pale sikuwa na yeye pia." Akakohoa. "Lakini ningemsamehe, mama. Angepiga simu hata ya kuuliza habari za mbolea, ningemsamehe kabla hajamaliza kuuliza."

Kisha akalia. Sikuwahi kumsikia akilia, hata kaburini kwa Lorna. Alilia kwa vipande, kama bomba lililoingiwa hewa. Filomena alikuwa akimwambia taratibu, "Haya, haya."

Na bado sikupanda. Ninaandika hili mara ya pili ili nisije nikaliruka: alilia, nami nikabaki pale pale. Ndani yangu kulikuwa na kitu kinachotaka zaidi. Kilitaka Wendell ataje pia ile safari tuliyozama na mtumbwi, ataje jinsi nilivyomshonea Lorna pazia. Kama mlafi aliyealikwa kwenye karamu ya watu wengine, nilikuwa najisogezea sahani.

"Kuna kitu kinadondoka," askari akasema.

Akachungulia kutoka juu ya kona. Tukatazamana.

"Mzee, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye marehemu," nikasema.

Ulimi umezoea, unaenda wenyewe. Hakuna aliyecheka. Filomena akafunika mdomo kwa leso, akashuka, akanishika uso kwa mikono yote miwili kama anayepima tikiti. "Mshenzi wewe," akasema, machozi yanamtoka. "Mshenzi mzima wewe." Naye nilimwona ana furaha, hakuwa amefikiria zaidi ya hapo.

Wendell alikuja nyuma yake polepole, kofia mkononi. Hakunitazama usoni. Alitazama chini. Gunia langu lilikuwa limevuja: maji ya bahari yalikuwa yamejaa kwenye kidato nilichosimama, yakamwagikia cha chini yake, na kile cha chini yake tena, yakatengeneza kidimbwi kwenye ubao wa kona. Wendell amekuwa fundi bomba tangu akiwa kijana. Ukimwonyesha maji sakafuni atakuambia yameanza kuvuja lini. Niliona macho yake yakifuata ule mkondo kutoka chini mpaka kwenye viatu vyangu. Masikio yake yakawa mekundu.

Nilisubiri anipige. Ningemshukuru.

Nikatoa ufunguo, nikafungua. Kwenye kabati miche yangu ilikuwa mizima, kijani kibichi, imenyoosha majani kama vile hakuna lililotokea duniani. Pembeni yake ndoo ilikuwa imetupa kitambaa chake, inatokota. Askari akatoka mbio akiwa ameziba pua. Wendell akainama juu ya ndoo ile, akanusa bila kukunja uso, akamgeukia Filomena.

"Mwambie aongeze molasi," akasema. "Uzito wa samaki na uzito wa molasi ni sawa kwa sawa. Ikipungua, samaki haachi kuwa samaki, anaoza tu. Hii amwage. Mwambie."

"Si huyo hapo, mwambie mwenyewe," Filomena akasema.

"Mwambie," Wendell akarudia, akavaa kofia, akashuka, akiruka vile vidato vilivyolowa.

Jumamosi nilikwenda mkahawani kwa sababu kutokwenda kungesema mengi kuliko kwenda. Nilipofungua mlango nikamwona Wendell amekaa kwenye kiti chake cha zamani, anakula mkate, kana kwamba alitoka kidogo tu kwenda msalani. Habari ilikuwa imeshaenea. Filomena anasali na nusu ya mji.

"Haya Milo," wakasema, wakigonga meza. "Tuambie ulivyokufa."

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza toka nijue kuongea, hakukuwa na kitu ndani. Niliwatazama wale wazee na vikombe vyao wakinisubiri, nikajua nikianza nitaisema vizuri, na nikiisema vizuri nimekwisha.

"Huyo hakuona kitu, alikuwa marehemu," Wendell akasema, akaweka kikombe chini. "Nitawaambia mimi."

Akasimulia. Sikujua kama anaweza. Akamwigiza Filomena na leso yake, akamwigiza askari anavyoshuka ngazi mbili mbili. Akajisimulia na mwenyewe jinsi alivyolia, "kama bomba lililoingiwa hewa, nawaambieni," maneno yale yale niliyodhani ni yangu peke yangu, na wazee wakajipiga mapaja. Kisha akafika kwenye ngazi. Nikashika ukingo wa meza.

"Basi tupo hapo, mimi nafuta kamasi," akasema, "ndipo tunasikia mtu anaingia mlango wa chini. Anapiga mluzi. Anapanda, mjinga huyu, gunia begani, anapiga mluzi."

Meza ikalipuka. Mtu akanipiga mgongoni, mwingine akasema nitawazika wote. Nikacheka pamoja nao, ilinibidi nicheke. Mhudumu alikuwa ameshaniletea mayai. Wendell, bila kunitazama, akanisogezea chumvi, nami nikaitia, nikaitia, muda mrefu kuliko mayai yalivyohitaji.