Pedeli za Kirsteen

Kirsteen alihangaika majuma matatu kuchagua. Kifundo cha mguu wake wa kushoto kilivunjika mwaka juzi, kwa hiyo alinunua buti ngumu za kukishika, na pedeli pana zenye meno ili soli isiteleze. Yeye na mumewe walikuwa waende kilomita kumi na mbili kwa baiskeli bondeni, kisha wapande mlima kwa miguu.

Jumamosi asubuhi, mvua ya Uskochi ikinyunya, akaitoa baiskeli bandani. Pedeli zake hazikuwapo! Badala yake kulikuwa na vidude vidogo vya kunasa viatu vya mashindano, vile vyenye chuma chini ya soli. Jozi ya viatu hivyo, saizi yake, ilining'inia kwenye usukani.

"Torquil! Nani kagusa baiskeli yangu?"

Mumewe akatokea na kikombe cha chai, anatabasamu. "Zawadi hiyo, mpenzi. Zile zako zilikuwa za kitoto."

"Na mlimani nitapandia nini?"

"Viatu hivyo hivyo. Mimi si navaa hivyo?"

"Zangu ziko wapi?"

"Nimemwachia fundi."

Kirsteen akamgeukia. "Miaka ishirini na sita unanichagulia! Koti, hema, njia. Mguu huu ulivunjika kwa njia uliyochagua wewe. Leo hata pa kukanyaga unichagulie?"

Akavaa buti zake, akapanda. Soli ikateleza, pedeli ikamchana ugoko. Akaitupa baiskeli majanini, akaondoka kwa miguu. Torquil akampita akiendesha. "Acha hizo bwana, rudi uichukue!" Kirsteen akazidi kutembea.

Baada ya karibu saa tatu Kirsteen alimkuta juu kidogo ya mwisho wa njia ya baiskeli. Alikuwa amekaa kitako kwenye jabali lililolowa, goti linavuja damu. Kila akijaribu kusimama, vile vyuma vinakwaruza na kuteleza.

"Kirsteen, nipe mkono."

Alimpa, akamshusha mpaka kwenye majani. "Kaa hapo."

Akapanda peke yake. Kileleni hakuona kitu ila ukungu. Alilia kwa hasira, akala biskuti zake za shayiri, akashuka.

"Nisamehe," Torquil alisema. "Nilitaka kukusaidia."

"Ungeniuliza."

"Jumatatu nitazifuata pedeli zako kwa fundi."

"Nitazifuata mwenyewe. Na spana usiishike tena."

Akatangulia. Torquil akamfuata akichechemea na kukokota baiskeli yake, na Kirsteen hakupunguza mwendo.