Koti la Nyumba Tatu

La, hawakuwahi kuonana, ndiyo nakwambia! Wote watatu walijifunza kushona kwenye simu, kila mtu kwake: Dada Fundi, mwenye cherehani yake barazani, nesi mmoja mcheshi, na mchomelea vyuma mwenye vidole kama koleo. Mwalimu wao, naye wa humohumo simuni, akawapa mtihani wa mwisho: koti moja, vipimo alivyowaandikia yeye, watu watatu. Nesi ashone mikono, mchomeleaji kola, wavitume kwa basi. Dada Fundi ashone kiwiliwili na kuunganisha. Picha ifike kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo cheti hakuna kwa yeyote. Na Dada Fundi, shule ya jirani ilishamwahidi kazi ya sare akikipata.

Siku yenyewe, saa sita, mikono haienei makwapani. Kola nayo fupi. Akawapigia, sura zao zikatokea.

"Mmenishonea koti la mwanasesere?"

"Dada, nimepima mara mbili," nesi akasema.

"Mimi na huyu nesi hatujawahi kukubaliana hata rangi ya uzi," mchomeleaji akadakia. "Leo tukosee sawasawa? Hebu lete futi yako hapa tuione."

Hasira zikampanda. Futi ile ya utepe aliachiwa na mama yake, imepima mabibi harusi wa mtaa mzima! Hata hivyo akachukua rula ya mwanawe, akailaza pembeni. Rula inasema thelathini, futi inasema ishirini na tisa. Kuvutwa miaka yote ile, imerefuka! Alipokuwa akishona peke yake haikumsumbua, maana kosa lilikuwa lilelile kila upande.

Akageukia simu. "Jamani, kosa langu. Kiwiliwili ndicho kikubwa."

"Nyani haoni kundule!" mchomeleaji akaangua kicheko. "Haya, fumua. Mimi nataja vipimo, nesi akague mshono."

Wakafumua, wakapunguza, nesi akifoka simu isogezwe karibu na sindano. Mumewe Dada Fundi akachungulia mara ya tatu.

"Mama watoto, chakula kimekuwa jiwe."

"Usiondoke. Vaa hili."

Saa tisa kasorobo picha ikaenda, mume kifua mbele kama bwana harusi. Mwalimu akajibu: "Limekaa. Mmefaulu wote."

"Basi tule," mume akasema, koti hataki kulivua. Dada Fundi akaiegemeza simu kwenye jagi la maji. Kule nesi akafunua bakuli lake, mchomeleaji akavuta kigoda, huku watoto wakanawa mikono, na hatimaye wote wakaketi kula.