Nyuzi za Bibie

Gari lilikuwa dogo, la Kiingereza, la viti viwili, lenye umri mkubwa kuliko binti yao. Marehemu alikuwa akiliita Bibie kwa sababu lilijua kununa. Ukipiga honi, wipa zinaamka. Ukiwasha taa, mshale wa mafuta unalala chali. Mvua ikinyesha, halisikii la mtu. Mara nyingi liliwazimikia njiani, mume na mke, wakakaa wakisikiliza injini ikipoa, tik, tik, hadi Bibie alipoghairi mwenyewe na kuwaka.

Sasa manyunyu yalikuwa yakigonga bati la gereji nyuma ya nyumba. Mjane alikuwa kwenye kiti cha abiria, kiti chake cha siku zote. Fundi umeme alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango.

Binti alikubali kulichukua gari kwa sharti moja. "Mama, gari la kunilaza barabarani silitaki. Waya zote zing'olewe, ziwekwe mpya. La sivyo, tuliuze." Ndiyo kazi aliyoijia fundi. Mjane hakumwambia mtu kwamba tangu asubuhi alikuwa akiomba mvua izidi, fundi asifike.

"Mama, hili gari au cherehani?" sauti ilitoka chini. "Kila waya umefungwa uzi!"

"Nyuzi zangu hizo. Mimi mshonaji."

Macho ya marehemu hayakutenganisha nyekundu na kijani, na aibu ya kulisema hilo alikwenda nayo. Hakuwahi kuomba uzi kwa rangi. Angeingia chumba cha kushonea, mikono grisi tupu, na kumwita mkewe kwa jina alilompa: "Sindano, nikatie ule wa gauni la dada yako." Basi taa za nyuma zikawa gauni la dada. Akisahau, angeita kutoka gereji, "Sindano! Huu wa nguo gani?" Naye angeacha mshono katikati, aende kumwangalizia.

"Huu je?" fundi aliuliza.

"Sare ya shule ya binti. Honi."

"Na huu?"

"Suruali ya bosi wa marehemu. Starta."

"Suruali ya bosi ndiyo inawasha gari?"

"Ndiyo maana Jumatatu lilikuwa haliwaki."

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamwangukia kifuani. Mjane alifumba macho. Kila waya uliotajwa, nguo yake iliingia gerejini taratibu na kuning'inia hewani: gauni la dada lenye mikunjo, sare ya shule yenye kola pana, suruali ya bosi iliyorudishwa kupunguzwa kiuno. Zilipepea kidogo, kama zimeanikwa kwenye upepo ambao yeye peke yake aliuhisi.

"Na huu wa zambarau?"

Alifumbua macho. Waya ulikuwa ukining'inia mbele ya magoti yake, ncha moja imelehemiwa, nyingine wazi. Aliushika. Uzi ule ulikuwa wa gauni lake mwenyewe, ambalo mpaka leo limelala chini ya sindano ya cherehani, mkono mmoja haujaunganishwa. Wiki ile ya mwisho uzi ulimwishia mapema, akadhani amekadiria vibaya. Hakuitwa gerejini. Hakuulizwa kitu.

"Huu sijui," alisema, na neno lenyewe lilimshangaza.

"Alikuwa hajaumalizia." Fundi aliichomeka ncha iliyo wazi kwenye sanduku la fyuzi.

Taa ndogo ya upande wa abiria iliwaka. Haikuwahi kuwaka tangu walinunue gari. Safari zote za usiku alipapasa miwani ndani ya mkoba gizani huku akinung'unika, "Bibie wako anamulikia kila mtu isipokuwa mimi." Mume alikuwa akicheka tu.

Mwanga wa manjano ulimlalia mapajani, juu ya mikono yake. Mvua ilikuwa imezidi, kama alivyoomba.

Fundi alikohoa, koleo mkononi. "Sasa mama, ning'oe?"

"Ng'oa. Binti asilale barabarani." Aliufunika waya wa zambarau kwa kiganja. "Huu uache, hata kama utasumbua."

"Huo hautasumbua, mama," fundi alisema akirudi chini. "Humu ndani, huo ndio pekee aliouunga sawasawa."