Kadi za Elinaja na Jicho Langu la Kushoto

Mimi sipendi kusumbuliwa Jumapili. Wiki nzima nimeinua wazee wa watu kwenye makao ya wazee kule Apple Valley, nimewaogesha, nimewavalisha soksi, na Jumapili nikitoka kanisani nataka chai yangu na kiti changu, basi. Lakini Elinaja alikuwa na mtihani. Elinaja ni Mtanzania, kwao Upareni, mfamasia kamili aliyefanya kazi Moshi miaka sita. Hapa Minnesota alikuwa anasukuma trei za chakula hospitalini, kwa sababu Wamarekani hawakutambua cheti chake mpaka afanye mtihani wao. Tulikuwa tunakaa pamoja kwenye apatimenti moja Burnsville, na hiyo Februari ya tisini na saba alikuwa amebakiza wiki tatu. Maswali aliyaandika kwenye kadi ndogondogo, mia nne na ushee, akazifunga kwa mpira wa nywele.

"Dada Philister, naomba unisaidie kidogo," akasema.

Watanzania hawa! Mtu anaomba kidogo, anakumalizia siku nzima kwa adabu.

"Lete," nikamwambia. "Leo ni nini?"

"Chanjo, macho na ngozi."

Kazi yangu ilikuwa kusoma swali, kusikia jibu, kisha kugeuza kadi nione kama amepata. Nilijua nitasinzia kabla ya kadi ya kumi. Haki ya Mungu, sikusinzia.

"Ugonjwa gani umefutwa duniani kwa chanjo?" nikasoma.

"Ndui."

"Umefutwa vipi? Kwani umekwisha kabisa?"

"Kabisa, dada. Mgonjwa wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia, mwaka sabini na saba. Tangu hapo, dunia nzima, hakuna."

Nikaweka kikombe chini. Bibi yangu kule Homa Bay alizika watoto wawili kwa ndui, na uso wake ulibaki na mashimo mpaka alipokufa. Na mimi sikuwa nimewahi kukaa hata dakika moja nikafikiri kwamba kitu kile kimeondoka duniani. Nikapandisha mkono wa sweta nikamwonyesha Elinaja kovu langu la chanjo begani. Na yeye akapandisha wa kwake. Makovu yalikuwa sawa, mviringo uleule, wake wa kwao Same na wangu wa Homa Bay. Tuliyatazama kwa muda, tukasahau kadi.

Tukaingia kwenye macho. Hapo ndipo nilipoanza kusema "Yawa!" yetu ya Kijaluo kila dakika tano. Kumbe ile sehemu ya mbele ya jicho, ile angavu, haina damu hata kidogo, inajipatia hewa yake moja kwa moja kutoka nje na kwenye machozi. Jicho linapumua! Halafu kuna dawa mpya ya presha ya jicho, iliyoruhusiwa hapa mwaka uliopita tu, ambayo inaweza kugeuza jicho la kijani likawa la kahawia.

"Ngoja," nikasema. "Mzungu anatiwa tone kila jioni, baada ya miezi anaamka na macho ya Kijaluo?"

Elinaja akacheka mpaka akakohoa. "Rangi hairudi tena, dada. Inabidi umwonye mgonjwa kabla."

"Mimi nisingemwonya. Angejionea mwenyewe."

Nilikuwa na furaha, kusema kweli. Nilijisikia kama mtu aliyekaa nyumba moja miaka thelathini na nane halafu akaonyeshwa chumba ambacho hakukijua.

Ndipo tukafika kwenye ngozi.

"Krimu kali ya steroidi isipakwe wapi?"

"Usoni, makwapani, kwenye mapaja kwa ndani, na kwenye kope."

"Kwa nini kwenye kope?"

"Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Dawa inapenya, inafika jichoni, presha ya jicho inapanda. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa polepole. Hakuna maumivu, mgonjwa hajui..." Alikuwa ananitazama usoni, na hakuwa anatazama kadi.

"Umepata," nikasema. "Inayofuata."

Hakungoja inayofuata. Aliinuka, akaenda bafuni, akarudi na tyubu yangu ya krimu.

Sasa niwaambie kuhusu hiyo tyubu. Kwetu inauzwa dukani, kando ya sabuni na viberiti. Hapa kila anayekwenda nyumbani anarudi na begi lililojaa oda za watu: unga wa wimbi, omena, majani chai, na tyubu zangu kumi na mbili ambazo mdogo wangu Peris ananinunulia Kisumu. Nilianza nayo kwa madoa ya chunusi. Nikaona uso unang'aa, watu kanisani wananiuliza nakula nini, nikaendelea. Miaka minne, asubuhi na jioni, uso mzima hadi kwenye kope, kwa maana chini ya macho ndipo nilipokuwa mweusi zaidi. Kila daktari wa hapa aliponiuliza kama natumia dawa yoyote, nilijibu hapana. Na sikuwa nadanganya, kwangu mimi hiyo ilikuwa losheni.

"Dada, hii ndiyo kali kuliko zote kwenye kadi zangu," Elinaja akasema, sauti imeshuka.

"Kwani umekuwa askari wa bafu? Nani amekutuma kuchokora vitu vyangu?"

"Umegonga kioo cha gari cha kushoto mara ngapi tangu Krismasi?"

"Nguzo za parking hapa ziko karibu mno, kila mtu anajua!"

"Mara nne, dada. Mimi nikiliazima sijagonga hata mara moja."

Nilimrushia kadi zake, zikatawanyika zulia zima. Nikaingia chumbani nikabamiza mlango. Nilimtukana kimoyomoyo kwa Kijaluo, maana Kiswahili hakikutosha. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa naogopa, lakini hiyo ya kuogopa sikumwambia mtu.

Kesho yake asubuhi nika-drive kwenda kazini. Barabara ilikuwa kavu, jua limewaka juu ya theluji. Naingia uwanja wa magari taratibu, napinda kushoto kwenye nafasi yangu, nikasikia kishindo kidogo cha chuma. Nikakanyaga breki. Mzee mmoja tunayemtunza, mwanajeshi wa zamani, alikuwa amesimama karibu na mlango wangu, na kile kifaa cha magurudumu anachoegemea kutembelea kimelala chini.

"Umetoka wapi?" nikapiga kelele. "Umetoka wapi wewe?"

"Nilikuwa hapa," akanijibu kwa upole, ameshika mlango wa gari langu asianguke. "Nilikuwa nakupungia mkono tangu unaingia."

Hakuumia. Nilimrudisha ndani nimemshika kiuno, nikaomba ruhusa ya kutoka. Saa tano nilikuwa kwa daktari wa macho.

Daktari alinitia tone la ganzi, akanisogezea taa ndogo ya bluu mpaka ikagusa jicho, akasoma namba. Akarudia. Presha haitakiwi kuzidi ishirini na moja. Jicho la kulia lilikuwa na thelathini, la kushoto thelathini na tisa. Halafu wakaniketisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, wakaniziba jicho la kulia, wakanipa kitufe. Tazama katikati, usisogeze jicho, ukiona nukta ya mwanga bonyeza. Nikabonyeza, nikabonyeza. Kisha zikaja dakika ndefu za kukaa bure.

"Samahani," nikamwambia yule msichana wa mashine. "Taa zenu zimeungua. Upande huu mzima hauwaki."

"Mama, taa zote zinawaka," akasema.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Jicho la kulia lilikuwa limeguswa kidogo. La kushoto, zaidi ya nusu ya picha ilikuwa nyeusi. Nikamuuliza itarudi lini. Akanitazama vizuri, akasema hairudi. Mshipa ukifa umekufa. Ila kilichobaki kinaweza kubaki, kama nitaacha krimu leo na kutia matone kila siku bila kuruka, na gari nisiliguse mpaka aseme.

Elinaja alikuja kunichukua kwa gari la rafiki yake Jeptoo. Tulipofika nyumbani kadi zilikuwa zimepangwa mezani, amezifunga tena.

"Nisamehe," nikamwambia. Mimi si mtu wa kusema hivyo.

"Sasa tuendelee, dada."

"Kwanza nionyeshe. Yule daktari amechora weusi. Mimi sioni weusi wowote, Elinaja. Mbona naona kila kitu?"

Akanisimamisha katikati ya sebule, nikaziba jicho la kulia kwa kiganja. Akaniambia nikodolee swichi ya taa ukutani, nisihame. Kisha akaanza kutembea polepole mbele ya ukuta.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Na sasa?"

"Nakuona."

Hatua moja zaidi, na hakuwepo. Hakuna giza lililomfunika. Ukuta ulikuwa mzima, rangi yake ileile, pazia lilining'inia, kila kitu kimekamilika, na mtu mzima mwenye sweta nyekundu hayumo. Nikaelewa jinsi yule mzee alivyosimama akinipungia. Kichwa changu chenyewe kilikuwa kimeniziba mashimo, kimepaka ukuta mahali pa watu, kwa muda ambao sitaujua, na kilifanya kazi nzuri ajabu. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga magoti.

"Uko wapi?"

"Niko hapahapa."

"Wapi, Elinaja? Hapana mtu!"

"Nimenyoosha mkono. Nyoosha na wewe."

Nikanyoosha mkono kuelekea ukuta mtupu. Vidole vyenye joto vikashika vyangu, na bado sikuona mtu. Sikuviachia. Nikabaki vilevile, jicho kwenye swichi, machozi yanateremka, mpaka aliposema kwa sauti ya kazini, ile ya Moshi, "Haya, kaa chini, mama. Inua kichwa. Tone la kwanza."